Chumvi ya Salha

Nilipokubusu mara ya kwanza, utosini,
nilionja chumvi.
Nikacheka, nikamwambia baba yako:
huyu kazaliwa keshakula chumvi nyingi,
atatuzika sote.
Sikujua kwamba ulimi wangu
ulikuwa umeshasoma cheti
ambacho hospitali za Sheffield
zingechukua miaka miwili kukiandika.

Pumu, walisema. Baridi ya huku, walisema.
Mmoja alitutazama rangi, akatazama kitabu:
ugonjwa ule si wa watu wenu.
Nawe unakohoa kama mzee wa tumbaku,
miguu myembamba ndani ya soksi za manjano.

Basi kila alfajiri, kabla ya zamu yangu,
nilikulaza mapajani, kichwa chini,
nikakupiga mgongo kwa kiganja nilichokikunja bakuli.
Pa. Pa. Pa.
Bi Doreen wa chini alidhani nakuadhibu,
akapanda ngazi, uso umemwiva.
Nikamwonyesha.
Kesho yake alileta mto wa sofa
na mikono iliyokanda unga wa mikate miaka thelathini,
akakupiga vizuri kunishinda.

Una miaka kumi na tisa sasa.
Kifuani mwako kuna mpangaji.
Jina lake refu, wauguzi hulikata katikati;
wewe humwita Mjomba.
Maabara wanasema wakimwotesha kwenye kisahani
hunukia zabibu.
Amejijengea nyumba ya ute,
amepiga lipu, amefunga madirisha,
dawa zikibisha hodi hazijibiwi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu tulimpa jembe
akayalima mapafu yako.

Wiki mbili za dripu, kila baada ya miezi mitatu.
Hatumfukuzi tena.
Tunamwomba tu apunguze kelele.

Na ng'ambo ya ukuta, chumba cha nne, Ewan.
Miaka sita marafiki,
hamjawahi kuvuta hewa ya chumba kimoja:
mpangaji wake na wako wasije wakabadilishana nyumba.
Mnatazama filamu moja, dakika moja,
kila mmoja kitandani kwake,
mnacheka kwa simu, mnakohoa kwa ukuta.
Unakijua kikohozi chake
kama watu wanavyojua nyayo za mtu ngazini.
Siku yako ya kuzaliwa alisimama nje kwenye maegesho,
mvua inamnyea, ameinua keki juu ya kichwa,
kisha akaila mwenyewe, yote,
ukimwonyesha vidole kila alipomaliza kipande.

Halafu ikaja dawa.
Ewan aliimeza Jumanne asubuhi.
Usiku alikohoa hadi akaogopa,
yakatoka makohozi ya miaka.
Sasa anapanda vilima vya Derbyshire
na kukutumia picha za kondoo.

Kwako alikuja Daktari Pemberton.
Akakaa ukingoni mwa kitanda,
jambo asilolifanya kamwe,
nikajua.
Ufunguo, alisema, umechongwa kwa kufuli la wengi.
Herufi za damu yenu ni nyingine.
Utafiti unaendelea.
Ulisema, sawa.
Ukauliza kama jikoni bado wana mkate wa kuchoma.
Alipotoka ukageukia ukuta,
ukagonga mara tatu, kwa mazoea,
chumba cha nne kikiwa kitupu,
godoro limefunikwa plastiki.

Tunapanda kwenda nyumbani. Mji huu hauna tambarare.
Katikati ya mlima unainama kufunga kamba za viatu
ambazo hazijafunguka.
Nami nasimama, nachakura mkoba, natafuta funguo
zilizo mkononi mwangu.
Hatuambiani.
Gari la taka linapita. Paka wa mtu anatukodolea.
Ukinyanyuka, nakubusu paji la uso, barabarani,
unasema, Mama, watu.
Naramba midomo.

Ipo.
Watu wa kwetu huhesabu umri kwa chumvi;
sijui wewe wanakuhesabia wapi.
Twende, nasema. Polepole.
Unasema, wewe ndiye unayechelewa.